Namna ya Kulizika Jino Lililo Hai

Umeruka kuuwania mpira wa kona, kiwiko cha beki kimekukuta mdomoni, na jino la mbele limetoka zima na mzizi wake. Usihangaike kulitafuta. Mechi ya mchangani haisimami kwa ajili ya jino moja.

Akitokea mwenye kiherehere akaliokota, mwambie alishike kwenye mzizi. Hapo ndipo ulipo utando mwembamba wa seli zinazolishikiza jino kwenye taya. Akiufinya vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine imalizie mwenyewe: lisugue kwa sabuni na pindo la jezi mpaka ling'ae kama la kwenye tangazo. Kisha lifunge kwenye karatasi, ulitie mfukoni, urudi benchi kusubiri filimbi ya mwisho. Likikaa kavu saa nzima, seli karibu zote zimekufa. Kipindi cha pili ni dakika 45. Jumlisha mapumziko na ubishi wa penalti, muda unatosha kabisa.

Wa kumwogopa ni mama muuza chai. Ana maziwa ambayo hajayachemsha bado, na maziwa baridi hulihifadhi jino, wakati maji matupu huzivimbisha seli mpaka zikapasuka. Ukimwona anakuja na kikombe, kimbia.

Kocha aliyesoma ni hatari zaidi. Atalishika sehemu ile inayoonekana ukicheka, atalisuuza sekunde chache kwa maziwa, atalirudisha kwenye tundu lake papo hapo, atakuambia ung'ate leso, kisha atakupakia bodaboda kwa daktari wa meno. Huko litafungwa pamoja na majirani zake kwa wiki mbili hivi, utapangiwa siku ya kutibiwa mzizi, na utaulizwa kuhusu sindano ya pepopunda. Mwisho wa yote umebaki na meno yako yote, kijiweni huna cha kusimulia.

Kwa mtoto wa miaka mitano sina mzaha. Jino la utoto halirudishwi, kwa sababu laweza kuliumiza la ukubwani linalosubiri ndani ya ufizi. Litupeni juu ya paa kama kawaida, lakini mtoto apelekwe akaangaliwe.

Na kama jino lako mwenyewe liko kiganjani sasa hivi, acha kusoma. Lirudishe tunduni au litie kwenye maziwa, uondoke.