Mnyaa Umehamia Ghorofani

Kabla ya kununua mmea wa dirishani, hakikisha muuzaji analijua jina lake la Kilatini. Asiyelijua anaweza kukuuzia kwa bei ya kawaida, na wageni wako watasifia nini?

Anza na ule usio na majani ya kueleweka, ila vitawi vya kijani vyembamba vya mviringo, ndani ya chungu cheupe chenye utepe. Kijijini unaitwa mnyaa, na kazi yake ni kuzuia mbuzi wasiingie shambani. Bibi akiuliza bei, mwambie ulipewa. Presha aliyo nayo inamtosha. Ila anajua jambo ambalo muuzaji hakulisema: utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huchoma vibaya, na unaweza kukupofusha kwa muda. Ukikata tawi vaa glavu, na mtoto asiufikie.

Mgeni akiita kila chenye miiba kaktasi, msahihishe papo hapo. Kaktasi karibu zote asili yake ni Amerika, na miiba yake huchomoza kwenye vidoa vyenye manyoya. Miti ya Kiafrika inayofanana nayo haina vidoa hivyo, na mingi ni jamaa wa mnyaa: ikikwaruzwa hutoa maziwa. Mgeni huyo hatarudi, nawe utapata nafasi zaidi ya vyungu.

Ule wenye majani yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta ya nazi ni ZZ. Kwao ni huku huku, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ndipo nasi tukaona ni mzuri. Huu hustahimili kivuli. Usiuchome jua bure.

Mingine inataka jua. Video za Ulaya zitakuambia uiweke dirisha la kusini. Tii, ukiwa Dar es Salaam, uone mshubiri wako unavyorefuka na kupinda ukitafuta jua ambalo sehemu kubwa ya mwaka liko kaskazini. Mkaidi ataiweka dirisha la mashariki, ipate jua la asubuhi mwaka mzima. Na mmea uliotoka kivulini uzoeshwe taratibu, maana jua la saa nane huubabua.

Sasa maji, yaani mauaji. Mimea hii huweka akiba kwenye majani na mashina, na mingi hufunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku ili isipoteze tone. Yote hayo ili wewe uje na kikombe kila asubuhi, ukifuatwa na dada wa kazi, kisha mama mkwe, kila mmoja akiionea huruma kimyakimya. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya udongo: kikitoka na unyevu, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, kisha umwage ya kwenye kisahani. Chungu kisicho na tundu ni ndoo.

Shina likilainika na kunuka, kata vipande kwenye sehemu isiyooza, acha vidonda vikauke kivulini siku kadhaa, kisha chomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi. Vikishika viwili, kimoja mpe mama mkwe, akakimwagilie kwake.