Tone la Mvua na Wizara Zake

Usimamizi wa maji ya Wawi, wilayani Chake Chake, Pemba, unaanzia mlimani, kwenye mikarafuu. Mvua ya masika ikianguka hapo, miti inayoipokea ni ya wizara ya kilimo. Tone likizama ardhini hubadili uraia: sasa ni la wizara ya maji, na mwenye kulivuta kwa pampu ni Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), inayofanya kazi kwa Sheria ya Maji Na. 4 ya 2006. Likikataa kuzama, likateremka bondeni kwenye mpunga, hurejea kilimo. Likifika mikokoni, watu wa misitu wanalo. Likiingia baharini, wizara ya Uchumi wa Buluu hulipokea kwa heshima zote, wakati huo likiwa chumvi tupu.

Tanzania Bara imegawa maji yake katika mabonde 9, kila bonde na bodi yake. Pemba haimo hata katika moja, kwa kuwa maji si jambo la Muungano. Kisheria ni sawasawa kabisa. Ila kisiwa kinakunywa maji ya ardhini, na inayoyajaza ni mvua ile ile. Mlima ukiachwa wazi, maji hukimbilia pwani bila kupita ofisi yoyote.

Mfereji ukikauka, mwenye ndoo hailaumu wizara ya miti. Huilaumu ZAWA, ambayo kulinda mikarafuu si kazi yake.