Jinsi ya Kukosea Hesabu ya Sahani

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba anayejua hesabu kupita kiasi. Mko watano, unapika cha watano, kinaisha. Nakuomba uiharibu hesabu hiyo kwa makusudi.

Anzia jikoni. Ukishapima mchele wenu, fumba macho, ongeza vikombe viwili. Usijiulize ni vya nani. Mwenyewe atapiga hodi unapopalia mkaa. Nyama ikiwa haba, zikate finyango mara mbili kabla hazijaingia sufuriani, maana ukigawa mbele ya mgeni moyo wake unasinyaa. Mama yangu alifanya hivyo kila Jumapili kabla ya ibada. Tukirudi, sahani ya sita ilikuwa imefunikwa kwa kawa, na hatukuambiwa inamsubiri nani.

Mtu akipita mnapokula, mwambie karibu. Ila sogea kwanza kwenye mkeka, ndipo useme. Wengi wetu tunakaribisha tumejaa pale pale, na mpita njia anajibu "asante, endeleeni" kwa sababu hajaona pa kukaa. Akikaa, mtoto alete birika na beseni, ammwagilie maji taratibu mpaka aseme yanatosha.

Kwenye kukaa ndipo waumini wa Korintho walipojikwaa. Walikutana majumbani kula chakula cha Bwana, lakini wenye navyo wakatangulia kula. Paulo aliwaandikia, kama mwaka 55, akishangaa kwamba mmoja ana njaa na mwenzake amelewa; akawaagiza wangojeane. Chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kwa kawaida kilikuwa na makochi matatu, ya watu 9 hivi; waliozidi hawakupata nafasi humo. Nasi tunacho chumba hicho: sebule ya mchungaji na wazee wa kanisa, soda na mapaja ya kuku, huku waliokesha wakipika wanakwangua ukoko nyuma ya nyumba. Hili linaniuma, hasa siku za ubarikio na harusi. Kwa hiyo hatua hii usiiruke: sala ya chakula isianze mpaka mpishi wa mwisho amevua kitenge cha moshi, amenawa, ameketi. Dada wa kazi naye. Sala yenyewe iwe fupi, ugali usipoe.

Ukiogopa kitapungua, soma tena habari ya wale wanaume 5,000, ambayo Injili zote nne zimeisimulia. Mikate 5, samaki 2, na vikapu 12 vikabaki. Aliyewalisha hakupima kinachotosha tu.

Mgeni akiaga, mfungashie. Kama hana chombo, mpe hotpoti yako, hata ile nzuri ya kabatini. Itarudi baada ya wiki, imeoshwa, na ndani yake kuna ndizi mbivu tatu au mayai mawili. Pokea kwa mikono miwili, kisha mwambie asiondoke kwanza, chakula kiko jikoni.