Sifa za Hita Isiyopasha

Chai ya Kericho na Bomet imesifiwa vya kutosha. Wakimbiaji wetu wamesifiwa, na hata mursik husifiwa na wageni wasiomaliza kikombe. Iliyosahauliwa ni hita ya lori la majani chai, ile inayopuliza hewa vuguvugu isiyoweza hata kukausha leso, ambayo dereva wa Longisa huitukana kila Julai kabla hajamsalimu turniboi wake. Haina wakili. Nimejitolea, tena bure.

Nianze na mzigo, maana hapo ndipo utamu ulipo. Longisa inakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti baridi yake haina masihara. Lori hutoka hapo likapandisha kuelekea Silibwet, likakusanya majani kituo baada ya kituo, na mara nyingi giza huwa limeingia linapokata kona ya kiwanda cha Tirgaga au Kapkoros. Sasa, jani la chai likishachumwa huendelea kupumua. Ukilishindilia kwenye gunia ukaliacha, hupata joto lenyewe, likageuka jekundu, na thamani yake ikaishia hapo. Ndiyo maana magunia hutundikwa kwa nafasi ndani ya lori ili upepo upite. Itazame hali hiyo: tani kadhaa za majani zinatafutiwa upepo zisiungue, na hatua mbili mbele yake binadamu aliyevaa makoti mawili anapuliza viganja. Hita nzima ingetuharibia kejeli hii.

Wengine huilaumu injini. Waikome. Dizeli haina ubadhirifu. Injini ya petroli hutupa joto jingi zaidi, hii hubana. Ikinguruma tu kituoni huku karani akipima gunia la mwisho, joto lake ni la kuhesabu. Na hita haina moto wake, hula makombo: maji ya moto kutoka kwenye injini hupita kwenye mpira mmoja hadi rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza hapo, kisha yakarudi kwa mpira wa pili. Kabini baridi, basi, ni cheti cha matumizi mazuri ya mafuta. Rudolf Diesel mwenyewe alitoweka melini usiku mmoja wa Septemba 1913, akaishia kwenye maji ya bahari, kwa hiyo hata yeye baridi hakuikwepa.

Tena hita ni mkweli kuliko mishale yote ya dashibodi. Maji yakipungua, kipimo cha joto kinaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari, kwa sababu kihisi chake kimebaki kwenye hewa. Hita, ambayo rejeta yake kwa kawaida imekaa juu, hukosa maji mapema na kupoa mara moja. Dereva mwenye akili husimama akaangalia rejeta. Dereva mwenye haraka huongeza koti, na baadaye hununua gasketi ya silinda hedi.

Nenda naye kwa fundi uone elimu inayotoka humo. Fundi hainui hata spana. Kabini inainamishwa, injini ikishapata moto anashika mipira ile miwili, mkono huu na huu. Yote ikichoma, maji hayana kosa: tafuta feni, waya, au kichungio kilichokula vumbi la barabara ya Narok. Mmoja ukichoma na wa pili ukiwa baridi, rejeta ndogo imeziba, au valvu haifunguki, au kuna hewa imenaswa. Yote ikiwa vuguvugu, mahojiano huanza.

"Thamostati iko wapi, mzee?"

"Ilitolewa."

"Na nani?"

"Fundi mwingine. Alisema hiyo ni ya nchi za baridi."

Hayo yanasemwa Julai, mvuke ukiwatoka wote wawili mdomoni. Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yafike nyuzi kama 82 hivi. Ikitolewa, maji huzunguka saa zote na injini haifiki joto lake kamwe: hunywa dizeli zaidi, mafuta huvuja hadi kwenye oili, silinda zikalika kabla ya wakati. Hesabu wanaonufaika. Muuza dizeli, muuza oili, fundi wa kufungua injini, na mama wa hoteli anayemuuzia dereva chai ya maziwa kila anaposimama. Familia ngapi zinakula kwa kipande cha chuma kisichokuwepo!

Na wanaomimina maji ya mto Nyangores badala ya kulanti wanastahili sifa zao pia. Fundi alipochomoa mipira na kusukuma maji kwa kinyume kwenye rejeta ndogo, yalitoka mekundu ya kutu, yakafuatiwa na tope, kisha vijiwe. Turniboi alichungulia, akauliza kama kuna samaki.

Joto likarudi kidogo. Fundi akafuta mikono, akasema imebaki thamostati mpya, ikifungwa leo kabini itakuwa jiko. Dereva akauliza bei, akaitikia kwa kichwa muda mrefu. Bonasi ya chai hutoka karibu na Oktoba, baridi ikiwa imekwisha zamani.

"Wacha bonasi itoke kwanza," akasema, akachukua koti la pili.