Bomba Lisilo na Mdomo

Kishindo kilitoka mbele ya gari, kwenye kona za mwanzo za Mlima Kitonga, Jumapili iliyopita saa tisa alasiri. Mwandishi wa makala haya akafanya kile ambacho mwenye gari yeyote angefanya mbele ya mama mkwe: akaegesha pembeni kwa utulivu wa bandia, akashuka, akayapiga teke matairi yote manne, moja baada ya jingine. Mazima. Akainama kulichungulia la akiba. Nalo zima. Alipoinuka, lori la saruji lilikuwa linampita kwa mwendo wa kinyonga, na utingo akatoa kichwa dirishani akauliza kwa adabu kabisa: "Mzee, tukuvute?"

Robo saa kabla ya hapo, mwandishi alikuwa amelipita lori hilohilo. Kwa honi.

Honi ndiyo inayomuuma mpaka leo. Kulipita lori ni jambo la kawaida. Kulipigia honi ni kutangaza. Na kilichokuwa kinatangazwa ni tabo, kifaa alichokifunga mwenyewe kwenye pikapu aliyoiunganisha mwenyewe, uani, chini ya mwembe, kwa miaka mitatu. Chesisi ilitoka Mbagala, bodi ilitoka kwenye gari lililopinduka, injini ilitoka mnadani, na tabo ilitoka kwenye kibanda cha spea ambacho hata mwenye kibanda hakujua ilifikaje pale. Kuna njia nyingi salama za kumrudisha mama mkwe kwake Iringa baada ya wiki tatu za kulea mjukuu Dar es Salaam, na basi ni mojawapo. Lakini mtu aliyeunda gari kwa mikono yake hawezi kumkatia mkwewe tiketi ya basi. Tangu Morogoro alikuwa akimweleza jinsi magari mengine yanavyovuta hewa kwa pumzi zao wenyewe, ilhali hili linasukumiwa. Mama, khanga mabegani na kiroba cha vitunguu vya Ruaha Mbuyuni miguuni, alijibu kila mara kwa neno moja: "Haya."

Injini haikuzima, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Ilinguruma vizuri tu, ila kila alipokanyaga mafuta gari lilijikongoja na kutoa moshi mweusi kama tanuru la matofali. Akakata matawi, akayapanga barabarani nyuma ya gari, akafungua boneti, akasimama kutazama. Wanaume wana namna yao ya kutazama injini, mikono kiunoni, shingo upande, ambayo haijawahi kutengeneza chochote.

Mama mkwe akashuka. Akatazama kwa nusu dakika.

"Baba, ule mpira si umechomoka?"

Ulikuwa umechomoka. Mpira mweusi, mnene, mpya, unaounganisha bomba la chuma na njia ya hewa ya injini, ulikuwa unaning'inia kando kama soksi iliyovuliwa. Mama huyu amelima vitunguu vya kumwagilia tangu mwandishi hajui kuendesha baiskeli, na pampu za maji anazijua. Akapitisha kidole kwenye ncha ya bomba, laini, lililopigwa msasa kwa upendo.

"Mpira wa pampu yetu nao ulikuwa unatoka hivihivi," akasema. "Lakini bomba la pampu lina mdomo, mpira unakamata pale. Hili lako mbona halina mdomo?"

Mkwe akasema kuna sababu za kitaalamu. Hakukuwa na sababu za kitaalamu.

Ili aibu hii ieleweke kwa uzito wake, inabidi tabo yenyewe ieleweke, na hapa msomaji amvumilie mwandishi, maana akianza habari hizi hata chai hupoa. Tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza imekaa kwenye njia ya moshi unaotoka injini. Moshi huo, ambao vinginevyo ungekwenda kuwasumbua watembea kwa miguu, unaizungusha. Feni ya pili, kwa kuwa imefungwa kwenye mhimili uleule, inazunguka nayo, na kazi yake ni kuvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Grainda ya mkononi, ile inayowatisha watoto, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Tabo hupita mara 100,000. Inafanya hivyo ikiwa imeegemea utando mwembamba wa oili, upande mmoja moto wa ekzosi, upande wa pili hewa ya Mungu. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, akasubiri mpaka miaka ya 1920 ndipo likafungwa kwenye injini za meli na kuonyesha kwamba linafaa. Miaka 20 ya kusubiri! Mwandishi akikumbuka hilo hujisikia nafuu kidogo.

Mafundi wa Dar huiita tabo. Kati ya tabo na tabu kuna irabu moja tu, nayo mwandishi ameilipia kwa awamu.

Sasa, injini aliyoipata mnadani ni 1HZ ya Toyota: silinda 6 kwenye mstari, lita 4.2, dizeli, injini iliyoingia kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na ambayo imebeba wagonjwa, watalii na askari katika nusu ya barabara mbovu za Afrika. Ni mvumilivu, ila haikuzaliwa na tabo. Inavuta hewa iliyopo, basi. Ukiipeleka Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inakuta presha ya hewa imeshuka kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na inachoka kama binadamu. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Na wazo likishazaliwa, linadai mabomba.

Hewa ikishindiliwa huchemka. Ukiichukua ikiwa na nyuzi 30 na kuiongezea presha kwa asilimia 60, hutoka kwenye tabo ikiwa inakaribia nyuzi 90, na hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo ile faida uliyoipata unaanza kuipoteza. Dawa ni kuipitisha kwenye kipoozeo kinachokaa mbele ya rejeta, ambacho mafundi hukiita intakula, jina lililobakiza kidogo tu kuwa itakula, na kweli ilikula. Kutoka kwenye tabo kwenda intakula kunahitajika bomba. Kutoka intakula kurudi kwenye injini, bomba jingine. Kati ya hayo kuna betri, feni, boksi la usukani na rejeta, na hakuna hata kimoja kilicho tayari kusogea.

Duka la kununua bomba lililokwisha kukunjwa kwa ajili ya 1HZ iliyofungwa tabo ya kuokoteza kwenye chesisi ya Mbagala halipo duniani. Mafundi ekzosi wanakunja, lakini kwa jeki: bomba linabonyea kwenye kona kama mpira wa bustani uliokanyagwa. Moshi hupita pale bila kulalamika sana; hewa ya tabo ni mdekezwa. Kwa hiyo mwandishi akaamua kukata.

Ukikata bomba kwa mshazari, kisha ukakigeuza kipande kimoja nusu mzunguko na kuviunganisha tena, unapata kona. Ukifanya hivyo kidogokidogo, kwa vipande vyenye sura ya kabari, unapata kona laini kama mgongo wa kambakochi. Uzuri wa jambo hili hausemeki. Viringisha karatasi kwenye bomba lililokatwa mshazari, uipige alama kwenye ukingo wa mkato, kisha uifungue mezani: alama ile ni wimbi. Ni wimbi la sini, lilelile la ubaoni sekondari ambalo wengi waliapa halina kazi mtaani. Mwandishi alikaa nalo usiku mzima, na bomba la milimita 63.5, akikata karatasi za kalenda ya mwaka jana kuwa vielelezo, akamwita mke wake mara mbili aje aone. Mara ya pili alikuja.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Kona ya nyuzi 90, viungo vitano. Tisini gawanya kwa tano ni 18. Akaweka msumeno kwenye nyuzi 18, akakata vipande sita, akavishikiza kwa nukta za moto, akavipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akalipa pesa taslimu, akaondoka kwenda kunywa chai. Aliporudi, fundi na vijana wake watatu walikuwa wamelizunguka bomba kimya, kama watu wanaosubiri kutoa pole.

Kumbe kila kiungo kina nyuso mbili. Uso mmoja ukikatwa nyuzi 18 na mwenzake nyuzi 18, kiungo kinapinda 36, na viungo vitano vinapinda 180. Alitakiwa kukata nyuzi 9. Upande mfupi wa kila mkato ulipaswa kupungua kwa milimita 10 tu. Wake ulipungua kwa zaidi ya 20, na kwa kuwa ulipungua kwa usawa kila mahali, kazi ilionekana safi kabisa. Lilikuwa bomba zuri. Lilitoka upande mmoja, likazunguka kwa madaha, likarudi kulekule lilikotoka.

"Bosi," fundi akasema, akiligeuzageuza, "hewa hii umeikatia tiketi ya kwenda na kurudi."

Mengine yafupishwe. Mchanga uliotiwa kwenye bomba la pili ili lisibonyee wakati wa kukunjwa kwa moto ulikuwa na unyevu, mvuke ukafyatua kizibo, na jirani ameshasamehe ingawa kuku wake bado. Bomba la tatu lilitoshea vizuri ila boneti haikufunga. La nne liligusa ekzosi na kuunguza mpira. La tano ndilo lililokwenda Kitonga.

Na la tano halikuwa na mdomo. Tundu lake lina eneo la kama sentimita za mraba 31, na presha iliyozidi ya nje kwa asilimia 60 inausukuma mpira utoke kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 19. Ni sawa na kutundika ndoo kubwa ya maji kwenye mpira na kuuomba usiteleze. Juu yake weka ukungu wa oili unaopumuliwa na injini, ambao hupaka ndani ya mabomba yote ya namna hii, na unaelewa kwa nini kila pampu ya vitunguu huko mabondeni imetengenezwa kwa akili zaidi kuliko pikapu ile. Kuhusu moshi mweusi, mwandishi alikuwa ameongeza dizeli kwenye pampu ya injini ili ilingane na hewa ya tabo. Hewa ilipokimbilia porini, dizeli ilibaki.

Kuna jambo jingine, ambalo halichekeshi. Mpira ule ulikuwa umefungwa kwa klipu. Mwandishi aliinunua dukani kwa jina lake kamili: chuma cha pua, ya boliti, kwa kazi ya tabo. Aliieleza kazi hiyo mbele ya muuzaji, na muuzaji akaapa kwamba ndiyo yenyewe, orijino. Ilipookotwa kwenye majani ya Kitonga ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo, na chini ya mng'aro kulikuwa na bati la kawaida limeanza kutu. Alhamisi aliirudisha. Muuzaji hakubisha wala hakukasirika; aliweka kidole kwenye risiti, pale chini, penye maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya nchi kuhusu uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi ya kitu na akaegemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini sheria iko kwenye kitabu, na risiti iko mezani. Klipu ikikatika, gari linapoteza nguvu na mtu anapoteza heshima kwa mkwewe, hayo yanavumilika. Mwandishi alipoinua macho kutoka kwenye ile risiti, aliona kwamba kwenye rafu hiyohiyo, kwenye maboksi yenye mng'aro uleule, duka lile linauza mipira ya breki. Nao Kitonga hupandwa na kushukwa kila siku na mabasi yaliyojaa watu.

Siku ile mama mkwe ndiye aliyewafikisha. Aliomba moja ya raba za tyubu zilizofungia turubai nyuma, akarudisha mpira mahali pake, akaizungusha raba akiivuta kwa uzito wake wote, mguu mmoja kwenye bampa, mpaka ikakaza. "Nenda polepole, baba," akasema, na mkwe akaenda polepole. Waliingia Iringa usiku. Lori la saruji lilikuwa limeshapakua.

Bomba la sita lina mdomo: waya wa chuma uliozungushwa kwenye ncha, ukachomelewa na kusawazishwa. Lile la nyuzi 180 bado lipo uani, milimita 63.5, viungo vitano, halijawahi kutumika. Mwenye gari linaloweza kulitumia aje alichukue bure, ila klipu aje nazo mwenyewe.