Hapa Tunakwenda kwa Maji

Kwa miaka 19 nimewafundisha watoto wa Morogoro habari za Kilwa Kisiwani bila kuwahi kukanyaga mchanga wake. Sikuona aibu. Padri anafundisha habari za mbinguni na hakuna anayemuuliza kama amefika. Mimi nilikuwa na kitabu, nilikuwa na chaki, na nilikuwa na ramani ya ukutani ambayo mende walikuwa wameshaitafuna Msumbiji nusu nzima. Sofala ilikwenda na maji, lakini Kilwa ilisalia, nami kila mwaka niliigonga kwa fimbo nikisema: "Hapa! Dhahabu yote ilipitia hapa!"

Mwaka jana kikundi chetu cha walimu cha kuweka na kukopa kikapata faida kidogo, tukakubaliana badala ya kugawana twende tukatembee. Wengine walitaka Zanzibar. Wengine walitaka Mikumi kwa kuwa ni karibu, lakini mwalimu wa hisabati akauliza nani atalipa kiingilio kwenda kumwona nyani anayemwona bure kila akipanda basi la Iringa. Ndipo nikasimama. Nilitumia maneno "urithi wa dunia" mara nne, maana UNESCO imekiweka Kilwa Kisiwani kwenye orodha hiyo, pamoja na Songo Mnara, tangu 1981. Kura zikapigwa, Kilwa ikashinda, na mimi nikajiteua kuwa mkuu wa msafara.

Safari yenyewe siielezi sana. Kilwa ziko tatu: Kivinje, Masoko na Kisiwani. Nilikuwa nimewaandikia hivyo kwenye karatasi, kila mtu na nakala yake. Hata hivyo mhasibu wetu, aliyepanda basi lake mwenyewe, aliteremkia Kivinje, akatukuta Masoko usiku juu ya bodaboda, amenuna na amejaa vumbi. Mama mkwe naye alipiga simu kujua tumefikaje. Mke wangu akamwambia tumefika salama na kesho asubuhi tutakwenda kisiwani na gaidi. Kimya. Kisha tukasikia sauti ya mzee wa watu ikiuliza kama polisi wana habari. Ilibidi nichukue simu nimweleze kwamba ndivyo siku hizi vijana wanavyomwita mwongoza watalii, na kwamba huyu hana silaha.

Mwongozaji mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa kisiwani, mpole wa kupindukia. Tulimkuta alfajiri ofisini tulikojiandikisha, amevaa ndala. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vile ninavyovaa nikiitwa na afisa elimu, na suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi ikakaa mstari. Nilitaka kuingia Kilwa kwa heshima.

"Mwalimu," akaniambia, "leo ni bamvua. Maji yanakupwa sana, mpaka saa nne na nusu. Kwa hiyo tukiteremka tu, tunakwenda kwanza Husuni Kubwa, huko mbali, kabla ya jua. Tunarudi tukipitia Msikiti Mkuu haraka haraka, tunamalizia Gereza, maana mashua itakuwa hapo hapo chini. Saa tatu tuwe tumeondoka."

Nikamtazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeandika kwamba Vasco da Gama alikuja kwa ndege.

"Kaka yangu," nikasema, "Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11. Husuni Kubwa ni karne ya 14. Gereza ni Wareno, 1505. Huwezi kuwapeleka watu kwenye karne ya 14 kabla ya ya 11. Watachanganyikiwa."

Akakuna kidevu. "Mwalimu, hapa tunakwenda kwa maji, si kwa karne."

Walimu wenzangu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniharibia siku, kwa sababu baada yake sikuweza tena kurudi nyuma.

Ndani ya mashua nahodha mzee alipandisha tanga bila kusema neno, na mwongozaji akatupa kile kisa cha zamani: kwamba Ali bin Hassan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wake kwa nguo, na bei ilikuwa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Mke wangu anauza kanga na vitenge sokoni. Tangu tutoke nyumbani hakuwa ameonyesha dalili yoyote ya kupenda historia. Hapo akaketi wima.

"Kisiwa kina mzunguko gani?"

Mwongozaji akasema hajawahi kukipima.

"Doti moja ukiitandaza ni mita tatu na kitu," akasema mke wangu, macho yameshakwenda mbali. "Na alilipa taslimu, au kwa mali kauli?"

Kisa kinaendelea, na laiti ningalisikiliza. Wakati huo, wanasimulia, maji yakikupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Yule mwenyeji aliyeuza alikusudia kurudi na watu wake akinyang'anye kisiwa. Mshirazi akauwahi mlango huo wa bahari: wengine husema aliuchimba, wengine husema alisoma Kurani, na tangu siku hiyo maji hayajakauka hapo. Yaani mji wote ule, misikiti yake na dhahabu yake, ulianza kwa mtu mmoja aliyejua maji yanakupwa lini na mwenzake aliyechelewa. Mimi wakati huo nilikuwa napanga karatasi zangu.

Mashua ilitua chini ya Gereza kabisa. Ni jengo kubwa, lina meno juu ya kuta, limesimama ufukweni kama askari wa getini, huwezi kulikosa. Nikawaambia watu wapite moja kwa moja.

"Msilitazame bado. Hatujafika 1505."

Kumi na wanne sisi, watu wazima wenye shahada na stashahada, tukapita mbele ya ngome ile tumeinamisha vichwa kama watu wanaopita msibani.

Msikiti Mkuu nitausifu bila mzaha. Umejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ile sehemu iliyoongezwa karne ya 14 ina matao na kuba zilizopangana juu ya nguzo, na mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia kwa pembeni ukilala chini vipande vipande. Ningenyamaza pale ningekuwa mtu mwenye busara. Nilitoa somo la saa moja na dakika ishirini. Niliwaeleza Ibn Battuta alivyofika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu uzuri wa mji. Niliwaeleza sultani aliyemkuta, al-Hasan ibn Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ajili ya ukarimu wake: jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomzuia njiani baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, na sultani akarudi chumbani pale msikitini, akazivua, akampa. Kisa hiki nilikisimulia kwa mikono miwili. Nyuma ya kundi mwongozaji alikuwa anatazama bahari, halafu saa yake, halafu bahari.

Kwenda Husuni Kubwa ni mwendo wa kutosha, kijia kati ya vichaka na mibuyu, na jua lilikuwa limeshapanda. Viatu vyangu vikaanza kuniuma kisiginoni. Huko juu, kwenye jabali linalotazama bahari, ndiko al-Hasan alikojenga kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja. Lakini kitu ambacho wanafunzi wangu wote wanakijua, maana nimekiweka kwenye mtihani mara tisa, ni lile birika la kuogea la pembe nane.

Mwongozaji alikuwa ameshatuomba tusipande kuta wala kuteremka ndani ya kitu chochote. Sijui niseme nini. Nilikuwa nimelichora birika lile ubaoni kwa miaka 19, na sasa lile pale, miguuni pangu, la kweli. Nikaruka ndani.

"Hesabuni nami!" nikasema, nikianza kuzunguka nikigusa kila upande. "Moja! Mbili!"

Nikamaliza na tisa.

Pakawa kimya. Mwalimu wa hisabati akakohoa. "Huu uliomalizia nao," akasema taratibu, kama anayemsaidia mtoto wa darasa la pili, "ndio ulioanza nao."

"Mwalimu wangu, tafadhali, toka humo," mwongozaji akasema. "Jengo hili lina miaka karibu mia saba."

Nikapandisha mguu mmoja ukingoni ili nitoke kwa haraka na kwa hadhi. Nikasikia mlio ambao kila mwanamume mwenye kitambi anaujua hata akiwa usingizini. Nyuma, kuanzia kwenye mkanda mpaka karibu na goti.

"Na suruali ina miaka mingapi?" mtu mmoja akauliza.

"Saba," akajibu mke wangu, akiwa tayari ameshavua kanga yake ya juu. Akanifunga kiunoni mbele ya watu wote kwa fundo la kazi, lile la wanawake wanaokwenda kuteka maji. Mwalimu wa hisabati akatangaza kwamba sultani amevua tena, na sasa tunamtafuta fakiri.

Tulifika tena Gereza karibu saa tano. Bahari haikuwepo. Mahali tulipoteremkia palikuwa tope na mchanga unaometameta, vidimbwi, majani ya bahari, na mbali kule mashua yetu imepwelewa, imelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Nahodha alikuwa amelala kivulini mwa tanga lake. Hakuinua hata kichwa.

"Tungoje," akasema mwongozaji. Hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema. "Kuanzia saa saba maji yatakuwa yamerudi. Kuna kivuli, na chakula kitapatikana."

Lakini nyumba ya wageni ilitaka tukabidhi vyumba saa sita, mhasibu alikuwa ananitazama, na mimi bado nilijiona mkuu wa msafara. Nikasema mashua si mbali, ni mita mia mbili tu. Nitakwenda nimwamshe mzee, tuisukume. Nikajifunga kanga vizuri nikashika njia.

Hatua thelathini za kwanza zilikuwa mchanga mgumu. Ya thelathini na moja haikuwa na chini. Mguu wa kulia ulizama mpaka gotini, na nilipouvuta ulitoka mtupu, soksi ikining'inia kwenye vidole kama ulimi wa mbwa. Nikaingiza mkono shimoni kutafuta kiatu. Mkono ukaenda mpaka begani. Palikuwa na baridi na kitu fulani kikasogea. Nikautoa mkono.

Wakati nimepiga magoti hivyo, wakapita kina mama watatu wanatoka kutafuta pweza, ndoo kichwani, vyuma mkononi, wanatembea juu ya tope lile kama watu walioko sebuleni kwao. Wakanisalimia kwa adabu. Mmoja akanitazama, akaitazama kanga, akasoma maandishi yake ya nyuma, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Pole, baba," akasema. "Njia iko huku."

Basi nikarudi ufukweni nyuma yao na kiatu kimoja, nikaketi chini ya ukuta wa Gereza, hatimaye nikalitazama. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Tuliletewa wali wa nazi na mchuzi wa mmoja wa pweza wale wale, na kwa kuwa sikuwa na la kusema, mwongozaji akazungumza.

Alianza na ukuta niliouegemea. Akasema Wareno walijenga ngome hapa kweli mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuteka mji, lakini hawakukaa hata miaka kumi, mwaka 1512 wakaondoka. Na sehemu kubwa ya kuta hizi ninazoziona ni kazi ya Waomani, karibu mwaka 1800. Nikahesabu kimya kimya ni watoto wangapi nimewanyima alama kwa jibu hilo. Hata neno lenyewe, "gereza", wanaojua lugha wanasema limetokana na neno la Kireno la kanisa. Akatueleza kwamba babu yake alikuwa kibarua wa Neville Chittick, yule mwanaakiolojia aliyechimbua hapa miaka ya 1960, na kwamba bibi yake hakuelewa kamwe kwa nini mwanamume mzima alipwe kwa kupiga mswaki vigae. Akatueleza habari za sarafu ndogo za shaba zilizopigwa hapa Kilwa, na jinsi tano kati yake zilivyookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje.

"Mhasibu wetu angekuwepo zamani hizo," mwalimu wa hisabati akasema, "zingeshukia Kivinje."

Mwongozaji hakuwa na karatasi. Alipofika mahali pa sultani alianza na nyanya yake, kisha Wareno, kisha akarudi kwa sultani, na ajabu yake hakuna aliyechanganyikiwa. Mke wangu ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Maji yalirudi kama alivyosema, bila haraka na bila kuomba radhi. Mashua ikainuka yenyewe. Nahodha akaamka, akaniangalia kuanzia mguu wenye kiatu hadi mguu usio nacho, akasema neno lake la kwanza tangu asubuhi: "Karibu, mama." Mpaka leo sijui kama macho yake yana tatizo.

Nilitembea kutoka gatini hadi nyumba ya wageni nimevaa kanga, na kila aliyekuwa nyuma yangu alicheka, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuniambia imeandikwa nini. Mke wangu aliikunja usiku ule ule akaifungia chini ya sanduku. Amekataa kuitoa.

Wiki mbili baadaye, niko ofisini kwa walimu nasahihisha madaftari, simu ikalia. Ni picha kutoka kwa mwongozaji. Kiatu cheusi cha ngozi, kimejaa chaza wadogo kwenye kamba, kimewekwa kwa heshima juu ya jiwe la matumbawe. Kina mama wa pweza walikuwa wamekiokota. Chini yake ameandika: "Mwalimu wangu, shikamoo. Tukiweke karne ya ngapi?"