Sifa za Mpangaji Wetu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee waliotuachia maneno hayo hawakuwahi kupangisha chumba. Mpangaji ukimpa jembe siku ya tatu atakuuliza kama limo kwenye mkataba, na mkataba wenyewe, kama ni huu wetu wa Dar es Salaam, ni karatasi ya daftari aliyoiandika dalali akiwa amesimama. Mgeni ana methali zake, mkwe ana nyimbo zake, hata mkopaji wa dukani ana tangazo lake ukutani. Mpangaji peke yake hajatungiwa neno zuri na mtu yeyote. Nimeona dhuluma hiyo ikomeshwe, na ikomeshwe na mtu anayelala naye ukuta kwa ukuta.

Tulimpokea nyumba ilipoishiwa. Pensheni niliyoitegemea haikufika, na sababu yake nitaifikia. Vitumbua vya mama watoto vilikuwa vinanunua unga wa vitumbua vya kesho, basi. Mtoto wa mwisho alikuwa chuoni, na chuo hakipokei vitumbua. Chumba cha wavulana kina mlango wake wa uani, kwa hiyo wavulana walihamia sebuleni na dalali akaitwa. Yeye ndiye aliyetangulia kumsifu kijana: mtulivu, hana mke, anatoka alfajiri anarudi usiku, hamtajua kama yupo. Kodi shilingi 60,000 kwa mwezi, miezi sita mkupuo, na dalali akachukua ya mwezi mmoja kutoka kwa kijana kama ilivyo desturi ya mji huu. Shilingi 360,000 ziliingia Ijumaa. Jumapili jioni zilikuwa zimekwisha kwenda chuoni na dukani, na sisi tukabaki na kijana kwa nusu mwaka, fedha zake tumeshazisahau ladha.

Fadhila zake ndogondogo nazitaja kwa haraka. Ni mlinzi: hurudi saa nane usiku akagonga geti mpaka mtaa mzima unaamka, na hakuna mwizi anayekuja mtaa ulio macho. Ni mwalimu wa muziki: kwa sabufa yake nimezijua bongofleva zote, pamoja na nani anamjibu nani. Ana upendo wa jamaa: binamu zake wa kike wanaomtembelea ni wengi, na hakuna wawili wanaofanana sura. Siku ya mgao wa maji hulala usingizi mzito wakati sisi tunajaza mapipa, kisha huamka kuyaoga, na hivyo hakuna tone linalokaa likaota wadudu. Isitoshe ameleta amani katika ndoa. Mimi na mama watoto tulikuwa hatujakubaliana juu ya jambo lolote kwa muda mrefu. Sasa tunakubaliana juu yake kila asubuhi, tena kwa sauti moja.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Shuleni tuliambiwa sharti hilo lilikuwa la kuzuia unyonyaji. Sasa nimepangisha, na naona Mwalimu Nyerere na wenzake walikuwa na huruma kuliko tulivyofundishwa: hawakutaka kiongozi wa nchi aamshwe saa nane usiku kufungua geti. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti hayo, waheshimiwa walijenga na kupangisha, na huenda ndiyo maana baadhi yao husinzia bungeni.

Lakini sifa iliyo juu ya zote ni elimu. Nimefundisha hisabati katika shule ya sekondari ya binafsi tangu ujana hadi mvi, na katika miaka yote hiyo sikupata mfano wa kufundishia uliokamilika kama mpangaji mwenye hita.

Kabla hajaja, umeme kwetu ulikuwa taa, televisheni na friji ndogo ya barafu za mama watoto. Tulikuwa wateja wadogo wa kundi la D1, ambao uniti 75 za kwanza za mwezi huuziwa shilingi 100 kila moja, mbali na VAT na tozo. Uniti ya 76 huuzwa 350. Kati ya 75 na 76, kwa hiyo, pana mpaka ambao familia yetu iliishi miaka mingi bila kujua upo. Kijana alituvusha mwezi wa kwanza.

Alituvusha kwa maharage. Ana jiko la umeme la sahani moja, wati 1,500. Maharage makavu yasiyolowekwa huchukua saa tatu kuiva. Wati 1,500 kwa saa tatu ni uniti nne na nusu. Zidisha kwa 350, unapata shilingi 1,575, na hapo bado hujaweka chumvi. Ukiyaloweka usiku kucha yataiva mapema zaidi. Nilimweleza hivyo kwa upole, nikamchorea na jedwali. Alilitazama sana, akashukuru, akasema maharage yaliyolowekwa hayana ladha.

Kisha ikaja hita. Wati 2,000. Ndoo ya lita 20, maji ya nyuzi 25, hufika nyuzi 40 kwa dakika kumi na moja hivi, na nyuzi 40 zinamtosha binadamu yeyote anayeoga Dar es Salaam, mji ambao watu huoga ili wapoe. Kijana huitumbukiza hita, akapokea simu, akasahau. Ikifika dakika hamsini na ushei ndoo inatokota. Hakuna mtu anayeoga maji yanayotokota, kwa hiyo humwaga nusu, akaongeza ya baridi, yakapoa kupita kiasi, akairudisha hita. Katika ndoo hiyo moja mna mada ya nishati, mada ya uwiano na mada ya milinganyo. Nimeshaliandika zoezi zima la kidato cha pili: mpangaji A anachemsha maji, mpangishaji B anasoma mita, tafuta muda utakaopita kabla B hajaongea peke yake. Mama watoto, aliyemaliza darasa la saba akaapa kutoishika tena kalamu ya hesabu, sasa anasoma mita kabla ya sala ya jioni na baada yake, na tofauti anaitangaza mezani. Wavulana wanajua wati ni nini na uniti ni nini. Wizara yenye dhamana ya elimu ingepeleka mpangaji mmoja kila kaya, matokeo ya hisabati ya kidato cha nne yangekuwa habari nyingine.

Somo la juu kabisa lilikuwa la sheria. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 ni 1,500. Anayetangulia kununua umeme mwezi ukianza ndiye inayemkata. Usiku mmoja giza lilitukuta sote tumekauka, kijana akanunua umeme wa 5,000. Dakika chache baadaye aligonga mlango. Huyu ambaye tarehe ya kodi ya chumba humtoka kichwani kila inapofika, alikumbuka bila kigugumizi kwamba mdaiwa wa kodi ya jengo ni mwenye jengo, na mpangaji akiilipa ana haki ya kurudishiwa.

“Shikamoo mwalimu. Ile elfu moja mia tano nitaikata kwenye kodi.”

“Marahaba. Kodi ipi?”

“Hii ya miezi sita ya pili, mwalimu. Ambayo nitaleta Jumatatu.”

Alikuwa ananikata katika fedha ambazo hajanipa. Kabla sijapata la kusema alininyooshea simu niione mwenyewe: tokeni tarakimu ishirini, uniti, VAT, tozo ya REA, ya EWURA, kodi ya jengo. Kila shilingi ilionyesha ilikotoka na ilikokwenda. Nikaisoma ile meseji mara mbili, nikamwambia sawa, kata.

Maana mimi nilikatwa kwa miaka na sikuonyeshwa zilikokwenda.

Hati yangu ya mshahara ilikuwa na mstari wa makato ya hifadhi ya jamii. Sheria inataka asilimia 20 ya mshahara ifike kwenye mfuko, na mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi zaidi ya asilimia 10; iliyobaki anaitoa yeye. Asilimia 10 yangu ilikatwa kila mwezi bila kukosewa hata senti, na katika hilo mhasibu wa shule alikuwa malaika. Nilipotimiza miaka 60 nilikwenda dirishani. Ofisa akaigeuza kompyuta nione. Mwaka huu upo, mwaka ule haupo. Miezi mitatu ipo, mwaka na nusu haupo. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180. Miezi niliyofundisha ni mingi kuliko hiyo. Iliyofika mfukoni ni michache kuliko hiyo.

Ofisa alikuwa na adabu. “Mzee wangu, hili fuatilia kwa mwajiri.” Mwajiri alikuwa safarini. Aliporudi alikuwa kikaoni. Alipotoka kikaoni alisema shule ina hali ngumu, wazazi hawalipi ada, tuvumiliane kama familia. Aliyasema hayo akiwa amesimama kati ya mabasi mawili mapya ya njano, rangi bado inanuka.

Nilikusudia hapa nimchome kidogo nirudi kwa mpangaji. Kalamu imegoma. Kumkata mtu mshahara kwa jina la uzee wake, kisha fedha hiyo ukanunulia basi, si kuchelewesha michango. Ni wizi. Kibaka wa Manzese akikwapua simu hukimbia, kwa sababu anajua alichofanya. Huyu hukaa kiti cha mbele siku ya mahafali na kuombwa aseme machache kuhusu maadili. Na mfuko, wenye wakaguzi wa kufungua vitabu vyake na sheria ya kumfikisha mahakamani, ulikubaliana naye alipe kwa awamu. Awamu ya kwanza ilifika. Walipeana mikono wakapigwa picha. Mwenzetu aliyekuwa akifundisha jiografia alifariki akiisubiri ya pili. Urithi aliouacha ni bahasha ya hati za mshahara, zote zina mstari ule wa makato, na mjane wake anauza mkaa kwa kipimo cha kopo.

Watu hutucheka sisi wenye wapangaji, kwamba tumegeuza vyumba vya watoto duka. Ukipita mitaa yetu ya Temeke na Mbagala utaona vibao vya “chumba kinapangishwa” kwenye nyumba ambazo zamani hazikuwa navyo. Ingia uulize mwenye nyumba alikuwa anafanya kazi wapi. Utasikia kiwanda, utasikia kampuni ya ulinzi, utasikia shule. Kisha muulize mafao yake yamefikia wapi, na ukae chini, kwa sababu jibu lake ni refu.

Nimerudi kwa kijana. Naye anadaiwa, kodi ya miezi miwili. Lakini deni lake lina adabu. Siku zake za kulipa zikipita, kelele za geti hukoma kabisa: hufungua taratibu kwa ufunguo ambao siku nyingine huwa umepotea, huvua viatu, akavishika mkononi na kunyata kando ya dirisha letu. Ndiyo majira pekee tunayolala vizuri. Mtu anayebeba viatu vyake usiku kwa ajili ya shilingi 120,000 bado ana haya, na haya ni dhamana ambayo benki haiijui. Asubuhi hanikwepi. Hunisalimu shikamoo, hunitazama usoni, husema Jumatatu. Mwezi uliopita alileta 40,000 na kiroba cha mkaa, akasema maharage sasa yatapikwa nje. Nusu ya mkaa aliuacha mlangoni kwa mama watoto, ambaye siku hiyo hakusoma mita.

Mwenye shule hajawahi kuniambia hata Jumatatu. Kati ya wadeni wangu wawili, nikiulizwa nani apewe chumba na nani apewe kesi, sina haja ya kikao.

Ndugu msomaji, kama bado uko kazini na hati yako ya mshahara ina mstari huo wa makato, usisubiri 60. Omba taarifa ya michango yako wiki hii, iweke kando ya hati zako, linganisha mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo, lipeleke mfukoni kwa barua, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ubaki nayo wewe.